Spika Moja Imenyamaza: Namna ya Kutafuta Kosa Kabla Hujanunua Nyingine

Swali linalonifikia kila wiki, kwa simu na kwa watu wanaobisha hodi hapa Nkuhungu, Dodoma, ni hili: "Fundi, spika ya upande mmoja imenyamaza. Nyingine inauzwa shilingi ngapi?" Nami huwa nauliza kwanza: umeihamishia upande wa pili ukasikiliza? Jibu karibu siku zote ni hapana.

Mama mmoja alitoka Kongwa na spika mbili amezifunga kwenye kanga, akashuka stendi ya Nanenane, akapanda daladala mpaka kwangu. Nikazipima zote mezani, zikawa nzima kabisa. Nilipomwuliza, "Mama, redio yako inakaa wapi?" akasema inakaa chumba kile kile walichopanga magunia ya karanga baada ya mavuno. Hapo nikajua. Panya hufuata karanga, na wakiwa humo hawaachi kitu bila kukitafuna. Aliporudi nyumbani akasogeza kabati, akaukuta waya umekatwa kama kwa mkasi. Nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi vimepotea kwa sababu ya waya wa mita tatu. Liliniuma, maana kosa lile angeweza kuliona mwenyewe kwa dakika tano kama angejua pa kuanzia.

Mwongozo huu ni wa redio ya kawaida ya nyumbani: amplifaya na spika zake mbili, au sabufa yenye spika ndogo za pembeni. Unaanza na vipimo visivyogharimu chochote, halafu unaelekea kwenye kufungua. Usiruke hatua kwa kudhani tayari unajua tatizo.

Vitu vya kuandaa

- Multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha.
- Betri moja ya volti 1.5, ya rimoti au ya saa ya ukutani.
- Waya wa spika ulio mzima, mita mbili hivi, wa kujaribia.
- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa, na kisu au plaisi.
- Pasi ya kuchomelea risasi, na risasi nyembamba ya kazi za redio.
- Kalamu, karatasi, na vipande vya selotepu vya kuwekea alama.
- Shuka au kitambaa safi cha kutandika mezani.

Wengi hukidharau kitambaa, lakini hapa Dodoma ndicho muhimu kuliko vingi. Ukiburuta sumaku kwenye mchanga wa barabara zetu, itatoka na nywele nyeusi: ni chembe za chuma. Spika ina sumaku kubwa nyuma. Ukiilaza chini uani, hasa miezi ya Juni hadi Septemba upepo unapovuma, chembe hizo zitarukia sumaku, na zikiingia kwenye mwanya wa koili (waya mwembamba uliozungushwa, unaoichezesha karatasi ya spika) hazitoki kwa kupuliza. Nimeona spika iliyokuja na kosa dogo la waya ikaondoka na kosa kubwa la kukwaruza kwa sababu tu ilifunguliwa mchangani. Fungulia ndani, mezani, juu ya kitambaa. Na usifanyie kazi hii karibu na karakana ya kuchomelea mageti.

Onyo la umeme

Boksi la spika tupu halina umeme wa kukudhuru ukishachomoa nyaya zake kwenye amplifaya. Sabufa ni habari nyingine. Ndani ya boksi la sabufa mna transfoma inayopokea umeme wa volti 230, pamoja na kapasita zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujawahi kufanya kazi ya umeme, usilifungue boksi hilo. Spika zake ndogo za pembeni unaweza kuzifungua.

Hatua

1. Hakikisha si mpangilio tu. Angalia kitufe cha balansi kisiwe kimevutwa upande mmoja. Angalia kitufe cha spika A na B kama amplifaya yako inacho. Chomoa hedifoni ikiwa imechomekwa. Kisha badilisha chanzo cha sauti: kama ulikuwa unatumia simu, weka redio au flashi. Waya wa simu ambao jeki yake haijaingia mpaka mwisho hutoa sauti upande mmoja tu, na watu wengi wameilaumu spika kwa kosa la jeki.

2. Nusa na utazame kabla ya kuhamisha. Sogeza pua karibu na spika iliyonyamaza. Je, kuna harufu ya kuungua? Mwambie mtu awashe redio wewe ukiwa umeitazama koni, yaani ile karatasi inayocheza. Je, inaruka mbele au nyuma na kubaki hapo hapo imeganda? Ukiona mojawapo ya dalili hizi, zima mara moja na uende moja kwa moja hatua ya 5. Usiweke spika nzima upande huo. Nitaeleza sababu hapo hapo.

3. Hamisha. Zima amplifaya. Chomoa nyaya za spika nyuma ya amplifaya, ule wa kushoto uuchomeke kulia na wa kulia kushoto. Spika zenyewe ziache zilipo. Washa kwa sauti ndogo. Tuseme iliyokuwa kimya ni ya kushoto:

   Kama ya kushoto bado iko kimya, kosa liko kwenye waya wake au kwenye spika yenyewe. Nenda hatua ya 4.

   Kama ya kushoto sasa inaimba na ya kulia imenyamaza, spika zako zote mbili ni nzima pamoja na nyaya zake. Kosa liko kwenye amplifaya au kwenye kile kinachoiletea sauti. Rudisha nyaya mahali pake, kisha badilisha pini nyekundu na nyeupe zinazoingiza sauti kwenye amplifaya. Ukimya ukihamia upande wa pili, kosa ni waya wa pini au chanzo cha sauti. Usipohama, ni amplifaya yenyewe, na huo ni mzigo wa kumpelekea fundi. Spika zako ziache nyumbani.

   Angalizo kwa wenye sabufa: nyingi hutumia pini za aina ile ile kwa kuingiza sauti na kwa kutoa sauti kwenda spika za pembeni. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Kwenye pini ya spika, ncha ya katikati ni chanya na duara la nje ni hasi.

4. Chunguza waya. Hapa ndipo makosa mengi yanapopatikana. Usiutazame tu, upitishe vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuta alama za meno, mahali palipobanwa na mguu wa kabati, na mahali palipoungwa kwa kusokota bila kuchomelea. Kisha chomeka ule waya wako wa kujaribia badala yake. Spika ikiimba, umemaliza, nunua waya tu.

   Hata kama waya ni mzima, tazama ncha zake. Zikiwa zimebadilika rangi kuwa nyeusi au kijani, kata sentimita mbili, menya upya, sokota nyuzi zote zikae pamoja, urudishe. Hakikisha ni nyuzi zinazobanwa na kibanio, si plastiki. Na hapa kuna kosa linaloua amplifaya nyingi kuliko yote ninayoyajua: uzi mmoja mwembamba unaochomoza kutoka tundu jekundu na kugusa jeusi. Kabla ya kuwasha, piga tochi uangalie.

5. Pima volti za amplifaya kwenye matundu ya spika. Kama umepita hatua ya 3 salama, unaweza kuiacha hii. Kama spika imeungua au koni imeganda, usiiache kwa sababu yoyote.

   Zima, chomoa spika zote mbili. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, zile za betri, kipimo cha 20. Punguza sauti mpaka sifuri. Washa, subiri sekunde kumi, kisha gusa tundu jekundu kwa ncha moja na jeusi kwa ncha nyingine, ukiangalia ncha zisigusane. Upande mzima utasoma karibu na sifuri, kama 0.01 au 0.03. Ukisoma volti 1 au zaidi, amplifaya imekufa upande huo na inatoa umeme wa moja kwa moja, ambao haugeuki kuwa sauti. Unageuka kuwa joto ndani ya koili tu.

   Kijana mmoja wa jirani alikuwa anaandaa sherehe ya kipaimara ya mdogo wake. Wufa, yaani spika kubwa ya besi, ikaungua saa kumi jioni. Akakimbia mjini, akanunua nyingine, akaifunga, ikaungua baada ya dakika chache. Akaazima ya tatu kwa rafiki yake. Nilifika wakati anaibana skrubu nikamzuia, nikapima: volti 27. Spika mbili ziliungua jioni moja, na zote hazikuwa na kosa. Spika iliyoungua usiibadilishe kamwe kabla hujajua ni nini kilichoiunguza.

6. Pima koili. Chomoa spika kwenye amplifaya kabisa. Weka mita kwenye omu (Ω), kipimo cha 200. Gusanisha ncha za mita kwanza uone inasoma ngapi, kwa kawaida ni 0.2 hadi 0.5, na hicho utakitoa kwenye jibu. Kisha gusa matundu mawili ya nyuma ya boksi huku ukiiacha koni itulie.

   Spika iliyoandikwa 8 Ω itasoma kati ya 6 na 7. Ya 6 Ω itasoma kama 5. Ya 4 Ω itasoma 3 na kitu. Watu hushtuka wakiona 6.4 kwenye spika ya 8 na kudhani imepungua. Haijapungua. Namba ya nyuma ya spika inazungumzia mawimbi ya sauti, mita yako inapima kwa umeme wa betri, na vitu hivyo viwili havifanani.

   Mita ikiandika OL, au namba 1 peke yake upande wa kushoto, njia imekatika mahali fulani. Ikisoma chini ya 1, koili imeungua ikashikana: usiiunganishe tena kwenye amplifaya, utaiua na yenyewe.

7. Jaribu kwa betri. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye matundu ya spika, mguso mfupi, uiachie. Utasikia mlio wa "kwa!" na kuona koni inaruka. Chanya ya betri ikiwa kwenye tundu jekundu, koni inapaswa kutoka nje kuja kwako. Ikiingia ndani, mtu aliwahi kugeuza nyaya ndani ya boksi.

   Usitumie betri ya sola au ya pikipiki. Volti 12 zinatosha kuiunguza koili ndogo kwa sekunde chache. Na usishikilie hata hii ndogo. Twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, usiijaribu kwa betri kabisa, ipime kwa mita tu.

8. Sukuma koni. Weka vidole vinne kuzunguka kile kifuniko cha katikati, sukuma taratibu na kwa usawa, uachie. Inapaswa kwenda na kurudi bila mlio wowote. Ukisikia "kwaruu" kama sandipepa, koili imepinda au mna uchafu kwenye mwanya. Ikiwa haisogei kabisa, koili imeyeyuka ikagandia. Ukisukuma upande mmoja tu utaipinda mwenyewe, kwa hiyo usitumie kidole kimoja.

9. Fungua boksi. Hapa unafika tu kama mita imesema njia imekatika au sauti inakatikakatika. Laza boksi chali, legeza skrubu zote kidogo kidogo kwa zamu, kisha inua spika. Shika bisibisi imara, sumaku itaivuta na ncha yake hutoboa karatasi. Kabla ya kuchomoa waya wowote, weka selotepu na alama kwenye chanya.

   Pima omu moja kwa moja kwenye miguu ya spika yenyewe. Ikisoma vizuri, spika ni nzima na kosa liko kwenye waya wa ndani, matundu ya nyuma, au ile saketi ndogo inayogawa besi na twita. Ikiwa haisomi, tazama nyaya mbili laini zilizosukwa kama uzi wa kiatu, zinazotoka kwenye miguu kwenda kwenye karatasi. Hizo hupinda kila mara koni inapocheza, miaka nenda miaka rudi, na mwisho hukatikia ndani huku kwa nje zikionekana nzima. Zitikise kidogo mita ikiwa imeunganishwa. Namba ikija na kupotea, umeipata.

   Kama boksi lina twita, ujue kwamba kipimo chako cha nyuma ya boksi hakikuiona, kwa sababu kuna kapasita njiani inayozuia umeme wa mita. Chomoa waya wake mmoja uipime peke yake. Ila zile twita nyepesi zisizo na sumaku husoma OL hata zikiwa nzima, kwa hiyo usizitupe kwa kipimo hicho.

10. Chomelea. Kwa waya uliosukwa uliokatika, toa mwingine wa aina hiyo kwenye spika iliyokufa. Mafundi wengi wanazo za kukupa. Waya wa kawaida utakatika baada ya muda mfupi, haukutengenezwa kupindwa hivyo. Acha urefu wa kutosha ujikunje kama upinde, usivutwe wala usiguse karatasi. Risasi iwe kidogo na pasi isikae zaidi ya sekunde tatu. Ukiizidisha, risasi hupanda ndani ya msuko, waya unakuwa mgumu kama msumari na utavunjikia pale pale.

    Karatasi iliyochanika kidogo inazibika: kipande cha tishu na gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa kwa maji, mbele na nyuma, iache usiku mzima. Supa gluu hapana. Hukauka ikawa ngumu na karatasi huchanika upya pembeni yake.

    Ukingo wa sponji unaomomonyoka kama keki ni jambo la umri na joto, na spika zinazokaa dirishani juani huwahi zaidi. Ukingo hubadilishwa bila kugusa koili, na ni kazi ya bei nafuu kuliko spika mpya. Lakini mara ya kwanza mwachie fundi, kwa sababu koili isipokaa katikati wakati gundi inakauka, itakwaruza maisha yake yote.

Bado kuna shida?

*Sauti inakuja ukigonga boksi.* Ni muungano uliolegea. Rudi hatua ya 4, kisha ya 9. Acha kugonga.

*Zote mbili zinaimba lakini besi imepotea.* Spika moja imegeuzwa chanya na hasi, kwa hiyo moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Weka taarifa ya habari, kaa katikati yake. Sauti ya mtangazaji ikitoka mahali pamoja katikati, ziko sawa. Ikiwa inaelea huku na huku bila kujulikana ilipo, geuza nyaya za spika moja tu.

*Inakwaruza hata kwa sauti ndogo.* Hatua ya 8.

*Inakwaruza ukiongeza sauti tu.* Mara nyingi ni amplifaya imezidiwa. Ukiendelea hivyo utaunguza twita, na haijalishi spika imeandikwa wati ngapi. Punguza.

*Amplifaya inajizima baada ya muda.* Tafuta nyaya zinazogusana. Pia hesabu spika ulizounga: mbili za 4 Ω zikiunganishwa sambamba (chanya na chanya, hasi na hasi) zinakuwa 2 Ω, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi mzigo huo. Ziunge kwa kufuatana, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, zitakuwa 8.

*Mvumo usioisha, "mmmm".* Spika haina kosa. Chomoa pini za kuingizia sauti. Mvumo ukinyamaza, mara nyingi waya wa pini umekatika upande wa hasi, ule wa duara la nje. Ukibaki, ni kapasita za ndani ya amplifaya.

*Boksi lenyewe linatetemeka na kutoa unga.* Geuza ulitazame chini. Mabao ya unga wa mbao yakikaa sakafuni, mchwa huingia kimya kimya. Lisimamishe juu ya matofali mawili na ubane skrubu zote.

*Koili imekufa kweli.* Andika kwenye karatasi omu, inchi za upana, wati, na umbali kati ya matundu ya skrubu. Kama unaweza, beba na ile ya zamani. Nenda dukani na mita yako na betri yako, fanya hatua ya 6, 7 na 8 mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, na spika za pande mbili ziwe za omu moja.